Tupeane uzoefu: kijana aliyezama kwenye magemu, ulimjuaje na ulifanyaje?

Mleta uzi
Wakuu habari zenu. Naomba tupeane uzoefu humu, wazazi, walezi, walimu, na hata nyie vijana wenyewe mliopitia. Zile za "watoto wa siku hizi wameharibika" tumeshazisikia, nataka kujua ulishtuka lini, ukafanya nini, kipi kilisaidia na kipi kiligoma. Naanza mimi. Nakaa na mtoto wa dada yangu, ana miaka 15, na kilichonishtua wala siyo masaa maana likizo namwacha acheze. Ni kwamba mpira aliokuwa anaufia aliuacha, marafiki wakija kumwita anasema anaumwa, halafu ukimuita anakujibu "naam" kabla hujamaliza jina lake, yaani anakujibu ili uondoke. Hapo nikajua hapa pana jambo.

Mama wa watatu
Asante kwa uzi mkuu. Wangu wa kati alikuwa anatega alamu saa tisa usiku, nyumba nzima tunajua anaamka kujisomea, kumbe kuna zawadi za kila siku kwenye gemu lake na ukikosa siku moja unaanza upya. Baba yake akasema dawa ni kunyang'anya simu, akanyang'anywa. Weee! Milango inabamizwa, hali, hasemi na mtu, na shuleni akawa anachezea simu ya mwenzie. Kilichokuja kusaidia ni kubadili namna ya kumzuia, badala ya "zima sasa hivi" ikawa "ukimaliza mechi hiyo hufungui nyingine". Magemu mengi ya mtandaoni huwezi kuyasimamisha katikati, ukitoka timu yako inafungwa na wewe unapigwa adhabu, kwa hiyo ukimlazimisha azime pale pale unamgombanisha na wenzie, lazima awake. Halafu usiku simu zote za nyumba zinalala sebuleni, ya baba ikiwemo. Hiyo ya baba ndo ilikuwa kazi kweli 😅

Dogo wa zamani
Shikamooni wakubwa. Mimi ndo nilikuwa huyo dogo wenu, sasa hivi niko chuo. Kuna kitu wazazi hamkioni, mle ndani nilikuwa mtu. Shuleni naonewa, darasani navuta mkia, lakini kwenye skwadi, yaani timu yangu ya gemu, nikichelewa kuingia watu wananitafuta, mimi ndo nawapanga nani aende wapi. Nilikuwa nabana mkojo mpaka mechi iishe. Ikafika mahali gemu lenyewe halininogei tena, nacheza huku nimechoka nalo, ila nikiacha najisikia vibaya zaidi. Mama alifoka weee, haikuingia. Kilichonitoa ni mjomba, alikuja akakaa pembeni akasema nifundishe na mimi, akawa anauawa kila dakika anacheka, tukazoeana, ndo siku moja nikajikuta namwambia habari za shule. Zile za kuonewa ziliposhughulikiwa gemu likapungua lenyewe. Mpaka leo nacheza, ila za kupanda ranki nimeachana nazo kabisa, zile ukipoteza unataka urudishe na ukirudisha unataka upande, hakuna kulala.

Mzee wa kontrola
Mnakuza mambo. Mimi nacheza kila jioni, kazini naenda, familia ipo. Kila anayependa kitu ni mgonjwa?

Mshauri wa vijana
Mkuu hapo juu wewe siyo mgonjwa na hakuna aliyesema hivyo. Kazi yangu ni ushauri nasaha, niweke hili sawa. Shirika la Afya Duniani limeliweka tatizo hili la kuzama kwenye magemu kwenye orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, na kwenye vigezo idadi ya masaa haimo kabisa. Wanaangalia kama mtu ameshindwa kujizuia, kama gemu limepita mbele ya kila kitu kingine, na kama anaendelea hata akiona linamharibia. Tena kwa kawaida iwe imedumu kama miezi 12, na masomo, familia au kazi viwe vimeyumba kweli. Dogo aliyekesha likizo nzima halafu shule ikifunguliwa akarudi kwenye mstari, mwacheni. Wengi ninaokutana nao chini ya gemu kuna kingine, huzuni, wasiwasi, kushindwa kutulia, au kuonewa kama alivyosema dogo hapo, na ukiondoa gemu peke yake hicho kingine hakiendi popote. Tiba yenyewe kwa sehemu kubwa ni mazungumzo, kijana anajifunza kugundua kinachomsukuma kabla hajaishika simu, na familia inahusishwa. Ila akisema atajidhuru mkimzimia, msichukulie ni maigizo, msimwache peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Kaka mkubwa
Mmesahau hela. Yale maboksi ya kubahatisha, unalipa hujui ndani kuna nini, Ubelgiji mwaka 2018 walisema wazi hiyo ni kamari. Mdogo wangu alikuwa ananunua skini, yaani mavazi na mapambo ya mhusika wake kwenye gemu, kwa kadi ya mzee kimya kimya, tukaitoa kadi kwenye simu na kuweka nywila kwa kila manunuzi, na nusu ya utamu ukaisha hapo hapo. Na msitegemee serikali iwalelee. China toka 2021 walio chini ya miaka 18 wanaruhusiwa saa moja tu, saa mbili hadi saa tatu usiku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Korea Kusini nao walikuwa na sheria ya kuwafungia walio chini ya miaka 16 kuanzia saa sita usiku, madogo wakawa wanaingia kwa akaunti za wazazi, mwishowe ikafutwa.

Mama wa watatu
Mshauri samahani, na kijana akigoma kabisa kwenda kumwona mtaalamu?

Mshauri wa vijana
Nenda wewe kwanza mama, bila yeye. Wengi wanaanza hivyo. Utajifunza namna ya kuongea naye na wapi ushike msimamo, na yeye akiona nyumbani maneno yamebadilika mara nyingi anauliza mwenyewe huwa unaenda wapi. Akiuliza mwambie ukweli, usimtege.