Acheni kutupangia makinda mashoto kwa ERA ya Single-A! Mwanzishaji mashoto anapimwa na wapigaji wa kulia

Wakuu, salaam. Leo nina hasira na sitaificha.

Imetoka tena orodha ya makinda mashoto (watupaji chipukizi wa mkono wa kushoto) "wa kutupiwa macho" kwenye ligi za malezi za besiboli kule Marekani, zinazopanda Single-A, Double-A, Triple-A, kisha ligi kuu, na vigezo ni vilevile vitatu vya kila mwaka: ERA (wastani wa mikimbio inayohesabiwa kwake kwa kila ininga 9, ininga ikiwa kipindi cha mchezo), idadi ya straikauti (wapigaji aliowatoa kwa straiki tatu) na urefu wa kijana. Mtu ana ERA ya 2.10 Single-A, basi keshavishwa taji la mwanzishaji (mtupaji anayeanza mechi) namba mbili wa ligi kuu. Miaka mitatu ikipita unamkuta anaingizwa ininga ya 7, timu iko nyuma kwa mikimbio 6, na wale waliompamba hawaonekani. Wameshahamia kwa kinda mwingine.

Hivi mnapima nini?

Mashoto akitangazwa kuanza mechi ya ligi kuu, meneja wa upande wa pili anajaza kikosi chake wapigaji wa mkono wa kulia. Karibu robo tatu ya watu atakaowatupia siku hiyo ni wa kulia. Piga hesabu: ininga 100 ni wapigaji kama 420, kwa hiyo mashoto wenzake atakutana nao kama 105 tu kwa msimu. Sasa ile slaida (mpira unaokata kwenda pembeni) mnayoirudia rudia kwenye video, inayowafanya wapigaji mashoto wapige magoti, ni silaha ya robo ya kazi. Kwa mpigaji wa kulia slaida hiyo haimkimbii, inamfuata. Ikishuka hadi kwenye kiatu cha mguu wake wa nyuma, safi. Ikikosa kukatika, inabaki katikati ya pleti (bamba analosimama kando yake mpigaji) usawa wa mkanda, na hiyo ni homurani, mpira unavuka uzio, hakuna mjadala.

Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu kinda mashoto anayetakiwa kuwa mwanzishaji liwe hili: ana nini cha kumpa mpigaji wa kulia? Jibu kwa wengi waliofanikiwa ni chenjapu, ule mpira unaotoka mkononi kama wa kasi halafu unafika umechelewa, umeshuka, na umemkimbia mpigaji wa kulia kwenda nje. Na hapa ndipo orodha zenu zinapotia aibu. Naona mtu kaandika "chenjapu 55" kwenye kipimo cha 20 hadi 80 (50 ni wastani wa ligi kuu) kwa sababu aliiona mara nne kwenye mazoezi. Mazoezini hakuna mpigaji! Chenjapu haina thamani hadi mtu mwenye gongo aidhanie ni mpira wa kasi.

Itazameni hivi. Keti upande wa besi ya kwanza, maana mashoto akisimama tayari juu ya kibao cha kutupia kifua chake kinaelekea huko, unaiona glavu na mikono yote. Angalia glavu anapotafuta mshiko. Chenjapu ya duara inashikwa kwa kidole gumba na cha shahada vikikutana ubavuni mwa mpira, vidole vitatu vilivyobaki vikiubeba, mpira ukiwa umezama karibu na kiganja. Huo mshiko unachukua nafasi, na kinda asiyeuzoea anapanua glavu kuutafuta. Ikipanuka kila anapotaka chenjapu na kubaki imefungwa kwenye mpira wa kasi, basi amejitangaza. Single-A hawaoni, ligi kuu wanamsoma kabla ininga ya 2 haijaisha.

Halafu mkono wenyewe. Mwendo wa mkono usipungue hata chembe, mshiko ndio unaotakiwa kuupunguza mpira kwa maili 8 hadi 10 kwa saa. Kinda anayeogopa mshiko wake anausukuma mpira kama anarusha mshale wa kilabuni. Mkono unalegea, mguu wa mbele unakakamaa mapema, mpira unaelea. Mpigaji mzuri anaona mkono umelegea, anasubiri, anaupiga.

Mfano mnao, wa dhahabu, lakini hamsomi. Mashoto Johan Santana. Mwaka 1999 timu ya Astros ilimwacha bila ulinzi, akachukuliwa kwenye drafti ya Rule 5 (timu nyingine huchukua wasiolindwa), akaishia timu ya Twins. Alikuwa na mpira wa kasi na slaida. Mwaka 2002 Twins wakamrudisha Triple-A, Edmonton, kazi yake kuu ikiwa chenjapu, akaambiwa aitupe bila woga. Mwaka 2004 akachukua Cy Young (tuzo ya mtupaji bora wa ligi), mwaka 2006 akachukua ya pili, na wapigaji wa kulia ndio walioteseka. Kama orodha zenu zingekuwepo mwaka 1999, angekuwa wapi? Ukurasa wa nyuma.

Tuje kwenye ERA. Single-A imejaa wapigaji wa miaka 19 na 20 ambao tangu shule wameona mashoto wachache wanaojua kazi. Wanafukuzia kevu (mpira unaopinda na kushuka) inayogonga vumbi. Mashoto wa miaka 23 aliyetoka chuo kikuu, mwenye kevu nzuri na maili 89, anawafagia bila jasho, nanyi mnaandika "kinda bora wa mwezi". Mpandishe Double-A: kevu ileile wanaiacha ipite, anajikuta na boli 2 (mipira iliyotoka nje ya eneo la straiki) bila straiki, analazimika kurudi na mpira wa kasi katikati, na maili 89 katikati ni sadaka. Kabla ya kuandika sifa, linganisha umri wake na wastani wa umri wa ngazi hiyo. Akiwa na miaka miwili zaidi ya wenzake, punguza shangwe.

Takwimu ninayoitaka ni moja tu ya kuanzia: asilimia ya straikauti ukitoa asilimia ya besi za bure (anazopewa mpigaji kwa boli nne), DHIDI YA WAPIGAJI WA KULIA PEKE YAO, kuanzia Double-A kwenda juu. Ikifika 15 naketi kusikiliza. Ikiwa 6, sitaki kusikia habari ya ERA.

Na kasi! Mnaandika "anafika 96". Anafika lini? Mpira wa 3 wa mechi, damu ikiwa moto. Ininga ya 5 yuko 91. Andikeni kasi ya kila ininga. Zaidi ya hapo, tangu mwaka 2021 ligi za malezi zinacheza mfululizo wa mechi 6, Jumatatu mapumziko, kwa hiyo wanzishaji wengi wanatupa mara moja kwa wiki na kutolewa kwenye mpira wa 75 au 85. Wengi wao hawajawahi kumwona mpigaji yuleyule mara ya tatu katika mechi moja. Wapigaji 18 ni mizunguko miwili. Mzunguko wa tatu ndio unaotenganisha mwanzishaji na mtupaji wa akiba, na huo haumo kwenye namba zenu hata kidogo. Ukiona kinda wa Double-A karuhusiwa kumaliza ininga ya 6, acha kila kitu umtazame: anatumia mpira gani kwa mtu aliyekwisha kuiona chenjapu mara mbili?

Triple-A ndiyo kichekesho kabisa. Kijana anapanda, ERA inaruka kutoka 2.80 hadi 5.60, mnamwita "amefeli". Mnajua kilichobadilika? Mpira wenyewe. Triple-A inatumia mpira wa ligi kuu tangu 2019, na mwaka huohuo homurani zikafumuka, ngazi za chini hazikuwa na mpira huo. Mwinuko nao. Albuquerque iko kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, Salt Lake na Reno zinakaribia mita 1,300 au zinapita. Hewa nyepesi haina cha kuushika mpira, kevu inayoshuka vizuri Double-A kule inateleza tu kama imechoka. Na tangu 2023 viwanja vyote vya Triple-A vina mashine ya kuamua straiki kwa namna moja au nyingine, ule ujanja wa mdakaji kuvuta mpira wa kona ndani hauna soko lilelile. Mashoto wa maili 90 anayeishi kwa kona za kupewa na mwamuzi anaongeza besi za bure bila kubadilika chochote. Basi gawanyeni namba zake: mechi za miinukoni mbali, za mabondeni mbali. Dakika kumi tu za kazi.

Mwisho, huu wimbo wa "akishindwa kuanza, atakuwa mtupaji wa akiba wa mashoto". Mmelala tangu lini? Tangu 2020 mtupaji lazima amalize wapigaji watatu au nusu ya ininga iishe. Ile ajira ya kuingia, kumtoa mpigaji mashoto mmoja na kwenda kuoga, imekufa. Kinda asiyewaweza wa kulia hana tena pa kuangukia. Halafu mnampa alama za "usalama"!

Wanaouliza kuhusu Mganda David Matoma wa Pirates: anatupa kwa mkono wa kulia, uzi huu haumhusu. Msiniharibie mada.

Nawasilisha.

Jibu #2
Mkuu umenena, ila umeikanyaga slaida kupita kiasi. Mashoto Randy Johnson hakuwa na chenjapu ya kutisha. Alikuwa na mpira wa kasi na slaida ya kumpiga mpigaji wa kulia kwenye kiatu, akachukua Cy Young 5. Na urefu mnaoubeza ndio uliomchelewesha: sentimita 208, akaongoza American League kwa besi za bure miaka mitatu mfululizo, 1990 (120), 1991 (152) na 1992 (144). Kwa kipimo chako cha 15 tungemtupa nje.

Jibu #3 (mwenye uzi)
Sawa kaka, hiyo nakubali, hapo umenishika. Mashoto mrefu sana apewe muda zaidi, viungo virefu vinachelewa kurudia mwendo uleule. Lakini alikuwa na kasi ya kutisha. Ukiniletea kinda wa sentimita 208 mwenye kasi ile, chenjapu nitaisamehe. Hawa mnaowaleta wana urefu wake bila kasi yake. Na upande wa pili kuna mashoto Mark Buehrle, aliyechaguliwa raundi ya 38 ya drafti mwaka 1998, mpira wa kasi wa kawaida kabisa, akatupa ininga 200 au zaidi misimu 14 mfululizo, 2001 hadi 2014. Alitupa haraka, alilenga, alibadilisha mwendo, na mkimbiaji wa besi ya kwanza alikuwa amefungwa kamba. Hilo la mwisho nani kalipima kwenye orodha? Tangu 2023 mtupaji ana nafasi mbili tu za kujitoa kwenye kibao kwa kila mpigaji, ya tatu asipomnasa mkimbiaji ni bolki (kosa, mkimbiaji anasogezwa besi moja). Mashoto anayemtazama mkimbiaji usoni ana faida kubwa zaidi kuliko zamani. Chukua saa: toka anapoanza kusogea hadi mpira ugonge glavu ya mdakaji, sekunde 1.3 ni sawa, 1.6 wanamwibia hadi wenye mbio za kobe.

Jibu #4
Swali dogo mkuu. Kama chenjapu ndiyo kila kitu, mbona makocha wa ngazi za chini hawawalazimishi kuitupa?

Jibu #5 (mwenye uzi)
Wengine wanalazimisha, wanaweka idadi: angalau 10 au 12 kwa mechi, na nusu yake kwa wapigaji wa kulia mapema kwenye hesabu, mfano boli 1 straiki 0. Ndiyo maana ukiona ERA ya kijana kama huyo imepanda Single-A usikimbilie kumponda. Huenda anapigwa kwa mpira aliotumwa kujifunza. Wasiolazimisha wanaacha kwa sababu mpira wa kasi unatosha ngazi ile, kijana anashinda, kila mtu anafurahi. Jambo lingine la kuangalia ni anaposimama. Kibao kina upana wa sentimita 61. Mashoto wengi wanasimama ukingo wa besi ya kwanza ili kuwaonea mashoto wenzao. Ukimwona kinda kahamia ukingo wa besi ya tatu katikati ya msimu, mara nyingi ni kwamba anatafuta kona ya nje ya mpigaji wa kulia. Mechi mbili tatu za kwanza atakosa kosa, mpira utamtorokea. Ziweke pembeni, anza kuhesabu kuanzia ya nne.

Jibu #6
Kwa hiyo yule namba 3 kwenye orodha, ERA 2.10, kwa kipimo chako cha straikauti ukitoa besi za bure, dhidi ya wa kulia ana ngapi?

Jibu #7 (mwenye uzi)
7.