Naomba ushauri: mwanangu amerudi na kigae kutoka Kaole

Ndugu zangu, Jumapili iliyopita niliwapeleka wanangu wawili Kaole, mwendo wa takribani kilomita 5 kutoka mjini Bagamoyo, ambako yamebaki magofu ya misikiti miwili na makaburi ya nguzo yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe. Mwongozaji alitueleza kwamba zamani makaburi hayo yalipambwa kwa bakuli za kauri kutoka China, na mkubwa wangu, mwenye miaka 9, alimsikiliza kwa makini kuliko nilivyotarajia.

Jioni, nilipokuwa nikifua, nilikuta mfukoni mwa kaptura yake kigae cha kijani kilichofifia, chenye kung'aa upande mmoja. Anasema alikiokota njiani tulipokuwa tukielekea kwenye mikoko, wala hakujua kuwa ni kosa. Huenda ni kipande cha sahani ya juzi tu. Lakini moyo wangu hautulii, kwa kuwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda mabaki ya aina hiyo, na pale ni mahali walipolala wafu.

Shemeji yangu anashauri nikitupe baharini yaishe, jambo ambalo silikubali hata kidogo. Je, nikirudishe moja kwa moja kwa wahifadhi wa pale, au nitangulize barua? Na je, niende na mtoto akikabidhi kwa mkono wake mwenyewe? Siku ile aliipenda sana historia, nami nachelea asije akaiogopa.