Hii kilomita 10 "yenye cheti" mlipima na nini, waandalizi?

Jamani, nimejizuia tangu Jumapili, leo acha niyatoe.

Mpwa wangu ana miaka 19. Miezi minane sasa, saa kumi na moja alfajiri yuko barabarani kabla matatu hazijaanza kelele. Jumapili kwenye mbio pale Southern Bypass, Nairobi, akamaliza wa tatu, 29:40. Mamake alilia. Mimi nilikuja nyuma sana na kitambi changu, nikatazama saa mkononi, hizi zinazopima umbali kwa setilaiti: kilomita 9.63. Nikamuuliza aliyekuwa kando yangu, yake 9.64. Mama mmoja akatuonyesha 9.62.

Na msianze kuniambia saa hudanganya. Najua hudanganya, lakini kwa mbio hizi kawaida huzidisha. Njia iliyopimwa vizuri huongezwa mita 1 kwa kila kilomita ili isije ikawa fupi. Tena mpimaji hupita mstari mfupi kuliko yote, sentimita 30 tu kutoka ukingo kwenye kona, na hakuna kati yetu anayekimbia hivyo. Ndiyo maana saa husoma 10.05 au 10.1, na watu hununa eti njia ni ndefu. Saa tatu zikisoma 9.6, utalaumu setilaiti gani?

Nikawapigia waandalizi simu. "Mzee, njia ina cheti cha vipimo." Nitumie basi. Wakatuma picha, na kweli cheti kipo, ile miaka 5 yake haijaisha. Mpimaji sina ugomvi naye. Niliwahi kumulika tochi mbio nyingine ikipimwa, naijua ile kazi. Baiskeli hufungwa kidude cha Jones kwenye gurudumu la mbele, kinahesabu mizunguko. Kwanza mnapima kipande kilichonyooka, mita 300 au zaidi, kwa tepu ya chuma. Baiskeli inapita hapo mara 4, ndipo mnaenda kupima njia yenyewe huku polisi wakizuia magari. Mkimaliza mnarudi mnapita tena mara 4, kwa sababu jua likipanda tairi linavimba na hesabu inahama. Mtu anahangaikia joto la tairi! Halafu anakuja mwingine na koni anaharibu kila kitu.

Ndiyo, koni. Mchoro wa cheti unaonyesha tunageuka tukishalipita daraja la waenda kwa miguu. Jumapili tuligeuka kabla ya kulifikia, maana huko mbele walikuwa wamesimamisha hema la mfadhili na spika zenye ukubwa wa kabati. Koni yenyewe ilikuwa moja, imepasuka ubavuni, na kijana wa reflekta ameegemea guadreli hapo akimenya ndizi. Jumanne tukarudi na tepu ya fundi ya mita 50, mpwa akishika ncha moja, malori yakitupigia honi. Kutoka ilipokuwa koni hadi alama ya mchoro ni mita 212. Na hii ni njia ya kwenda na kurudi, kwa hivyo piga mara 2. Mita 424 zimeliwa.

Kwa kasi yake hizo ni sekunde 79. 29:40 inakuwa 30:59. Na tulikuwa tumeshautuma huo muda kwa meneja mmoja Ulaya. Mpwa mwenyewe ndiye aliyesema, "Mjomba, tumwambie ukweli kabla hajajua." Tumemwambia. Hajajibu.

Nikawapigia tena na vipimo vyangu. Jibu: "Lakini asubuhi tulipita na gari, mita ikasoma kumi." Gari la nani? Probox ya kubeba maji?

Greater Manchester Marathon kule Uingereza iligundulika ilikuwa fupi kwa mita 380, mwaka 2013, 2014 na 2015. Ikatangazwa hadharani. Hawa wetu wametulipisha shilingi 2,500, na bango bado linasema "njia imethibitishwa". Cheti ni cha njia iliyochorwa humo. Ukihamisha koni, hicho cheti si cha mbio uliyoandaa.

Sitaki kurudishiwa pesa. Nataka waandike kwenye matokeo kwamba njia ilikuwa pungufu, basi, ili kijana mwingine asiende kuaibika na muda wake. Mliokimbia, kama una picha ya pale tulipogeukia na daraja linaonekana nyuma, iweke hapa chini.