Mrejesho: Wi-Fi ya laptopu kukatika wakati simu iko sawa

Wakuu, nimerudi na majibu. Swali lilikuwa hili: laptopu yenye Ubuntu (mfumo endeshi wa Linux) inapoteza Wi-Fi kila baada ya dakika kama 10, ilhali simu iliyo kwenye meza hiyohiyo, ruta ileile, haitikisiki.

Aliyesema nianze na hali ya kuokoa umeme (power save) ya kadi ya Wi-Fi alilenga. Amri `iw dev wlp2s0 get power_save` (wlp2s0 ni jina la kadi yangu) ilijibu "Power save: on", yaani imewashwa. Kadi inasinzia ili kulinda betri, kisha inachelewa kuamka. Ping (muda wa ujumbe mfupi kwenda na kurudi) ya kwenda kwa ruta ilikuwa ikiruka kutoka milisekunde 3 hadi 400. `sudo iw dev wlp2s0 set power_save off` inafaa kwa majaribio tu, ukiwasha mashine upya tatizo linarudi. La kudumu: fungua `/etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf`, badilisha `wifi.powersave = 3` iwe 2 (ndiyo, 2 ndiyo kuzima, namba hizo zinachanganya), halafu `sudo systemctl restart NetworkManager` kuanzisha upya programu inayosimamia mtandao.

Ping ikatulia, ila jioni bado ilikwamakwama. `nmcli dev wifi list` ilitoa ruta 19 za majirani, nyingi zikisongamana chaneli 6 ya masafa ya 2.4 GHz. Ghorofa za mtaa wa Pipeline, Nairobi, hizo. Nimehamia masafa ya 5 GHz, chaneli 36. Simu kumbe ilikuwa huko tangu mwanzo! Chumbani mawimbi yamepungua kidogo kwa sababu ya ukuta wa mawe, lakini hayakatiki.

Draiva (programu inayoendesha kadi) sikuigusa. Leo siku ya nne, kumbukumbu za mfumo (`journalctl -u NetworkManager`) hazina mstari hata mmoja wa kukatika.