Faibroblasti zimegoma kugawanyika kwenye pasaji ya 22: zimezeeka au tunazitesa?

Maabara_Dom: Wakuu, habari za Dodoma. Faibroblasti (seli za tishu unganishi) za ngozi ya binadamu ziko pasaji ya 22. Kila pasaji, yaani kuhamishia seli chupa mpya, chupa moja tunaigawa kuwa nne. Sasa hazijazi chupa, zimetanuka na kuwa bapa, ila hazifi. Kikomo cha kujigawa si mara 50? Tuongeze seramu (majimaji ya damu yanayolisha seli)?

Telomea: Mkuu, pasaji si sawa na kujigawa. Ukipanda robo ya chupa hadi ijae, seli zimeongezeka maradufu mara mbili. 22 × 2 ni 44, na zile za kabla ya pasaji ya kwanza hujazihesabu. Watafiti Hayflick na Moorhead walionyesha mwaka 1961 kwamba faibroblasti za kijusi hukoma karibu na mara 50. Za mtu mzima hukoma mapema zaidi. Hesabu kamili: seli ulizovuna gawanya kwa ulizopanda, chukua log ya kumi, zidisha kwa 3.32. Jumlisha kila pasaji, uandike kwenye chupa.

Sababu iko kwenye ncha za kromosomu, yaani telomea. Kila DNA inaponakiliwa hupungua jozi za besi 50 hadi 200 hivi, na faibroblasti hazina telomerasi (kimeng'enya cha kurefusha telomea) ya kutosha kuzirudishia. Ncha ikifupika mno, seli huiona kama DNA iliyokatika: protini p53 inaamsha protini p21, mzunguko wa kujigawa unafungwa. Zinaishi, zinakula, hazijigawi. Seramu haifungui hapo.

Kibaigwa_Bio: Naafiki, lakini thibitisha kwanza. Zipake rangi ya kupima kimeng'enya beta-galaktosidasi, ambayo hugeuza seli zilizozeeka bluu: pH 6.0, nyuzi 37, nje ya inkubeta ya kaboni dioksidi. Gesi hiyo hushusha pH na hata seli changa zitageuka bluu. Chupa iliyojaa kupita kiasi nayo hudanganya.

Pima maikoplazma (bakteria wadogo sana) pia, maana haichafui midia (maji ya kukuzia seli) wala huioni kwa darubini ya kawaida. Halafu kiangazi cha huku! Beseni la maji la inkubeta likikauka, midia hupoteza maji, chumvi inakolea, seli zinadumaa. Jaza maji yaliyokenekwa, si ya kisima. Zilizodumaa hivyo, zisipokuwa zimeumia sana, huamka ukirekebisha.

Maabara_Dom: Asanteni. Na zikiwa zimezeeka kweli?

Telomea: Yeyusha akiba ya pasaji za mwanzo. Kuanzia sasa gandisheni kabla ya pasaji ya 8: DMSO (kemikali ya kukinga seli zisiharibiwe na barafu) asilimia 10, mshuke nyuzi 1 kwa dakika hadi −80, kisha nitrojeni ya kimiminika.