Mjadala: Wema wa kampuni zinazonunua mwani tuuhesabu kwenye kisima au kwenye mizani?

Mwanzisha mada, Unguja

Assalamu alaykum. Nimeona ni vyema suala hili tulijadili hadharani, kwa sababu limekuwa likizungumzwa mabarazani na kwenye mikutano ya shehia kwa nusu nusu, kila mtu akichelea kuonekana hana shukurani. Si jambo geni katika vijiji vyetu vya pwani kuona kampuni inayonunua mwani ikikabidhi kisima, madawati ya skuli au mabati ya kituo cha afya, picha zikapigwa, hotuba zikatolewa, na shughuli nzima ikaitwa uwajibikaji kwa jamii. Suali langu ni hili: je, hapo ndipo pa kuupimia uwajibikaji wa mfanyabiashara wa mazao, au tumekubali kutazama pembeni ya biashara ili tusiitazame biashara yenyewe?

Nitangulize msimamo wangu. Mnunuzi awajibike kwanza katika ununuzi, yaani katika bei, mizani, vifaa anavyovitoa na hali ya bahari anayoichumia, na zawadi zije baada ya hayo. Najua wapo wanaoona kuwa kusema hivi ni kuikataa riziki iliyokwisha kufika mlangoni.

Kwa wasioujua mfumo huu, kilimo cha mwani kwa ajili ya kuuza nje kilianza Unguja mwaka 1989, upande wa mashariki, Paje na Jambiani zikiwa miongoni mwa sehemu za mwanzo, kisha kikaenea hadi Pemba. Leo wakulima wake ni zaidi ya 20,000, na walio wengi mno ni wanawake. Kwa kawaida kampuni humpa mkulima kamba na tai tai, yaani vikamba vyembamba vya kufungia mbegu (vipande vya mwani) kwenye kamba kubwa, naye huahidi kuiuzia kampuni hiyo hiyo. Mkulima husubiri maji ya bamvua, bahari inapokauka hadi mbali, akafunga mbegu kwenye tai tai, akatandaza kamba baina ya vigingi, akahudumia kwa muda wa wiki sita hivi, akavuna, akabeba, akaanika. Kilo moja ya mwani mkavu hutokana na kilo saba au zaidi za mwani mbichi. Katikati ya hayo kuna maumivu ya mgongo, macho yanayowasha kwa chumvi na jua, na hatari ya kuchomwa na samaki aitwaye taa. Miaka mingi spinosum, aina ya mwani inayolimwa zaidi, ilikuwa ikinunuliwa kwa chini ya shilingi 1,000 kwa kilo kavu.

Hapa naomba tufanye hesabu ya mfano, si ya kampuni yoyote. Tuseme kijiji kina wakulima 200, na kila mmoja anauza kilo 100 kavu kwa kila mavuno. Bei ikipanda kwa shilingi 50 tu, kijiji kinapata shilingi 1,000,000 zaidi kwa mavuno hayo. Mizani nayo ikipunja kilo tatu katika kila mia, kwa bei ya shilingi 700, kijiji kinapoteza shilingi 420,000 kwa mavuno hayo hayo, na hakuna anayepiga picha. Baada ya misimu michache wakulima watakuwa wamekwisha kukilipia kile kisima wao wenyewe, kisha wakasimama kwenye jua kumshukuru aliyekileta. Sisi hatuhitaji kufundishwa na mtu kwamba sadaka haifuti dhulma ya mizani.

Upande wa mazingira hali ni hiyo hiyo, na pengine ni mbaya zaidi kwa sababu athari zake huchelewa kuonekana. Baadhi ya vigingi vya mwani vinakatwa kwenye mikoko. Tai tai na vipande vya kamba za plastiki, vikikatika kwa upepo na mawimbi, hubaki baharini au hutupwa ufukweni. Mashamba mengine yamewekwa juu ya majani ya bahari ambamo tafi na samaki wengine hukulia. Ikiwa kampuni itafanya siku ya kupanda mikoko, tena kwa fulana mpya, ilhali haijauliza hata mara moja vigingi vya wakulima wake vinatoka wapi, basi mimi siuhesabu upandaji huo kuwa ni uendelevu. Kigingi cha mti wa shambani na utaratibu wa kurudisha kamba chakavu ili upewe mpya vingeokoa mikoko mingi kuliko sherehe ile.

Kisha kuna cottonii, aina nyingine ya mwani, ambao bei yake ni kubwa kuliko ya spinosum. Aina hii imekuwa ikifa katika maeneo mengi ya maji madogo tangu miaka ya 2000, na kupanda kwa joto la bahari ni sababu mojawapo kubwa. Wataalamu wetu, akiwemo mtafiti wa mwani Dk. Flower Msuya, wamekuwa wakieleza kwa muda mrefu kwamba cottonii inaweza kuokolewa kwa kuhamia kwenye kina kikubwa. Lakini kina kikubwa kinataka chombo, na kinataka mtu anayejua kuogelea, na wengi wa mama zetu hawajui. Nani alipie chombo na mafunzo? Kwa maoni yangu hapa ndipo fedha za uwajibikaji zinapostahili kwenda, kwa sababu mkulima akishindwa, mnunuzi naye hana cha kununua.

Wengine watauliza kuhusu sheria. India iliweka katika sheria yake ya makampuni ya mwaka 2013 kwamba kampuni kubwa zitenge angalau asilimia 2 ya faida kwa shughuli za jamii. Tanzania Bara, mabadiliko ya sheria ya madini ya mwaka 2017 yanazitaka kampuni za madini ziwe na mpango wa uwajibikaji unaokubaliwa na serikali za mitaa. Sipingi asilimia, ila naogopa kwamba tukianza nayo tutaongeza visima na mizani itabaki vile vile. Karibuni, kila mwenye hoja.

Mchangiaji aliyefanya kazi ya ununuzi, Mjini

Ndugu mwanzisha mada, umeandika kwa adabu nami nitajibu kwa adabu, lakini hesabu yako imeacha nusu ya daftari. Bei ya mwani haipangwi Zanzibar. Indonesia na Ufilipino ndizo zinazoongoza soko, na mnunuzi wa Ulaya au Asia akipata bei nafuu huko, kampuni ya hapa ama inaifuata bei hiyo ama inafunga ghala. Spinosum hutoa karajinani, ile dawa ya kugandisha vyakula ambayo ndiyo mwani hununuliwa kwa ajili yake, yenye nguvu ndogo kuliko ile ya cottonii, kwa hiyo hata ukiinua sauti, bei yake haiinuki sana. Juu ya hapo kampuni imekwisha kutoa kamba kwa mkopo, imelipa usafiri wa kutoka kijijini hadi bandarini, na imebeba hasara ya mwani uliofika na mchanga, mwengine umechanganywa chumvi makusudi ili uzito upande. Haya nayo ni dhulma ya mizani, au dhulma ni ya upande mmoja tu?

Halafu kuna jambo ambalo mtu asiyefanya kazi hii hawezi kulijua. Kampuni ikipandisha bei kwa shilingi 50 mwaka huu na soko likaanguka mwakani, ikizishusha shilingi hizo inaitwa mwizi. Kisima hakishuki bei. Ndiyo maana wakuu wa kampuni hupenda visima: gharama yake inajulikana, inamalizika, na sheha anaridhika. Sikisemi hiki kuwa ni kizuri, nakisema kwa kuwa ndivyo kilivyo. Pia wako wakulima wanaochukua kamba za kampuni moja wakauza mwani kwa mnunuzi mwengine anayepita na pesa mkononi. Ukitaka kampuni iwekeze kwenye vyombo vya kina kikubwa, kwanza ihakikishiwe kwamba mwani utakaotoka huko utarudi kwake.

Mwanzisha mada

Nashukuru, na hoja ya mchanga naipokea yote. Mkulima anayechanganya mchanga anawaharibia wenzake kabla hajaiharibia kampuni, na kamati za wakulima zinapaswa kumkataa wao wenyewe kabla ya mwani kufika ghalani.

Hata hivyo, hoja ya soko la dunia inajibu suali ambalo sikuliuliza. Sikusema bei ipangwe Jambiani. Nimesema mkulima ajue imepangwa vipi. Kama bei ya nje imeshuka, si vigumu kubandika ghalani karatasi yenye bei ya kununulia na sababu ya mabadiliko, tena kabla ya kamba kufungwa, si siku ya kupima. Si vigumu mizani kukaguliwa mbele ya wakulima, na kila anayeuza akapewa risiti yenye kilo, bei, na makato ya mkopo wa kamba. Mambo haya hayategemei Indonesia wala Ufilipino, na gharama yake ni ndogo kuliko ya madawati. Kuhusu wanaouza kwa mpita njia, nadhani tumelishika jambo kwa mkia: mtu aliyefungwa kwa mkopo ambao haujui umebaki kiasi gani atamkimbilia yeyote mwenye fedha taslimu.

Mchangiaji, Wete

Mimi ni mtu wa karafuu zaidi, lakini naona kisa chetu kinaweza kuwasaidia. Mnunuzi wetu kwa sheria ni mmoja, ZSTC, yaani Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, na kwa miaka mingi bei ilikuwa duni hata karafuu zikawa zinavushwa usiku kwenda Kenya kwa magendo, na vikosi vikawekwa kuzilinda kama kwamba ni silaha. Mwaka 2011 bei ilipandishwa kwa kiasi kikubwa, na serikali ikachukua msimamo wa kumpa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Magendo yalipungua. Ulinzi wote wa miaka iliyotangulia haukuwahi kuyafikisha hapo. Kwa hiyo anayesema kwamba bei haina nguvu ya kumrudisha mkulima kwa mnunuzi wake, aje Pemba aulize.

Lakini naomba mwanzisha mada naye asifurahi haraka. Bei nzuri ilimfikia mwenye shamba, na hata mwenye kukodi. Mchumaji, anayepanda mkarafuu mrefu na kulipwa kwa pishi, hakufika mezani pale ilipopangwa ile asilimia. Akianguka, na kila msimu wapo wanaoanguka, msaada anaopata ni wa huruma zaidi kuliko wa haki iliyoandikwa. Katika mwani pia wako wanaolipwa kufunga mbegu kwenye tai tai, malipo yakiwa kwa hesabu ya kamba, wengine ni wazee wasioweza tena kuingia baharini. Mkikaa kupanga uwajibikaji wa kampuni kwa mkulima, semeni pia mkulima anawajibika vipi kwa hao, la sivyo mtakuwa mmeisogeza dhulma hatua moja chini.

Mkulima wa mwani, kusini Unguja

Nimesoma yote, na wote mliochangia naona hamjaingia majini. Msichoke na mimi. Kijijini kwetu kampuni moja, sitaitaja, ilileta madawati na tukaimba. Bamvua lililofuata bei ilishushwa na tukaambiwa siku ya kupima, mwani umekwisha kuanikwa, na mvua inakuja. Ukikataa kuuza unaurudisha wapi? Watoto wetu wanakalia yale madawati na nayashukuru, ila sitaki tena kuambiwa kwamba jambo la kwanza na la pili halihusiani.

Mafunzo ya kutengeneza sabuni ya mwani tumeyapata, na wenzetu wa Kidoti wameyafanyia kazi vizuri, lakini si kila kijiji kitaishi kwa kuwauzia wageni sabuni. Sisi tulio wengi tutaendelea kuuza mwani mkavu. Ninachokitaka mimi ni bei niijue kabla sijafunga mbegu, na isibadilike mpaka nivune. Wiki sita tu. Viatu vya kuingilia majini vikija pia sitavirudisha.

Mchangiaji aliyefanya kazi ya ununuzi, Mjini

Bi mkubwa, nimekusikia, na kwa hilo la siku ya kupima sina utetezi. Bei ya wiki sita inawezekana, kwa sababu kampuni nyingi hujua mapema shehena inayofuata itauzwa kwa kiasi gani. Ningekuwa bado ofisini ningeitia saini kwa masharti mawili: mwani uwe mkavu na usiwe na mchanga, na kamati yenu ndiyo iukague kabla yetu. Bei ya mwaka mzima, ambayo nahisi mwanzisha mada ndiyo anayoielekea, sitaikubali, na hapo bado tunatofautiana.

Mwanzisha mada

Ya mwaka mzima sijaitaja, ingawa kweli naielekea. Ninachotaka kujua kutoka kwa wengine ni iwapo hiyo bei ya wiki sita iandikwe katika mkataba wa kijiji na kampuni, au iwe kanuni ya serikali inayowabana wanunuzi wote, kwa sababu kampuni moja ikijifunga peke yake na jirani yake asijifunge, yule asiyejifunga ndiye atakayenunua pale soko litakaposhuka.