Chuma mguuni, usaha haukomi

Wakuu, Februari nilianguka na bodaboda, mfupa wa muundi ukatokeza nje. Nikawekewa chuma. Kidonda kilifunga, sasa kuna kitundu kama kichwa cha kiberiti, kila asubuhi soksi imenatia usaha. Dawa za duka nimenunua mara tatu. Kinakauka wiki, kinarudi.

> Pole mkuu. Mimi ni nesi, wodi ya mifupa. Kitundu cha kufunga na kufunguka, mara nyingi wadudu wameshafika kwenye chuma au mfupa. Hujijengea utando juu ya chuma, vidonge haviwafikii vizuri. Rudi kwa daktari wa mifupa, upigwe eksirei, sampuli ichukuliwe ndani kabisa, si usaha wa juu, ioteshwe maabara ijulikane dawa inayowaua. Na maganda ya dawa ulizokunywa uende nayo.

> Mimi walifungua, wakatoa vipande vya mfupa uliokufa, nikapewa dawa wiki sita. Natembea.

Asanteni. Sigara je? Na jirani ananikanda na mafuta moto.

> Nesi tena: sigara acha, inachelewesha mfupa kuunga. Sukari pima. Jirani aache leo hii! Ukipata homa au mguu ukivimba ghafla, usisubiri siku ya kliniki.